Vihisi vya shinikizo kwa mahandaki ya upepo ya baridi kali na ya joto kali: kipi kinafaa wapi

Mjini Köln, Ujerumani, kuna handaki la upepo, yaani njia iliyofungwa ambamo gesi hupulizwa kuipita modeli ili kuijaribu, linaloitwa European Transonic Windtunnel, ambalo watu wa fani hulifupisha ETW. Gesi inayozungushwa ndani yake ni naitrojeni, nayo inaweza kupozwa hadi kelvini 110, yaani nyuzi 163 chini ya sifuri. Katika nchi hiyohiyo, mjini Göttingen, kuna handaki jingine liitwalo HEG, ambalo gesi yake, kabla ya kutoka kwenye nozeli, hupashwa na wimbi la mshtuko hadi maelfu ya kelvini. Mtu akipewa kazi ya kuchagua vihisi vya shinikizo kwa mahandaki haya mawili, upesi atadhani kwamba la Göttingen ndilo litakalomnyima usingizi. Kwa sehemu kubwa mambo ni kinyume. Jaribio la Göttingen humalizika ndani ya milisekunde chache, na kihisi kilichopachikwa vizuri kwenye modeli hakipati hata nafasi ya kupata moto, ilhali la Köln huendelea kwa muda wa kutosha modeli nzima, na kila kilichomo tumboni mwake, kufikia baridi ya gesi.

Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na halijoto ya upepo, ambayo ndiyo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye maelezo ya handaki. Unaanza na maswali matatu: kihisi chenyewe kitafikia halijoto gani, kitakaa humo kwa muda gani, na shinikizo linalopimwa linabadilika kwa haraka kiasi gani. (Nasema shinikizo, wasomaji waliosoma fizikia kwa vitabu vya Tanzania watalijua kama kanieneo, na fundi wa gereji ataliita presha bila kupoteza chochote.)

Sababu ya kupoza gesi inahitaji kuelezwa, maana ndiyo inayoamua usahihi unaotakiwa. Modeli ya ndege ni ndogo, na upepo unaoipitia haufanani na ule wa ndege halisi mpaka namba ya Reynolds, inayolinganisha nguvu ya mwendo wa gesi na ukinzani wa mnato wake, ilingane. Gesi ikipozwa, msongamano wake hupanda na mnato wake hushuka, hivyo namba hiyo hupanda bila kuongeza nguvu ya feni. Wazo la kutumia njia hii kwa majaribio ya ndege lilifufuliwa mwaka 1971 katika kituo cha NASA cha Langley, Virginia, na Michael Goodyer na Robert Kilgore, na kutokana nalo likaja handaki kubwa la National Transonic Facility hapohapo Langley, kisha ETW. Mahandaki hayo mawili huruhusu pia shinikizo la gesi kupandishwa juu ya lile la anga; kwa ETW hufika bari 4.5. Mteja anayelipia naitrojeni majimaji kwa tani hafanyi hivyo ili apate picha ya jumla. Anatafuta tofauti ndogo sana kati ya umbo moja la bawa na jingine, na kihisi kinachokosea kidogo tu kinaweza kuimeza tofauti hiyo yote.

Kinachotokea ndani ya silikoni

Vihisi vingi vya kazi hii, viwe vimo ndani ya skana (kifurushi kimoja chenye vihisi vingi) au vimegandishwa kwenye ngozi ya modeli, vina kiwambo chembamba cha silikoni chenye vikinza vinne vilivyounganishwa kama daraja la Wheatstone. Shinikizo likikipinda kiwambo, ukinzani wa vikinza hubadilika na daraja hutoa volti. Shida ni kwamba halijoto nayo huvibadilisha vikinza hivyo, na kwa namna mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kuhama kwa sifuri, ambapo kihisi hutoa volti hata pasipo tofauti ya shinikizo. Ya pili ni kubadilika kwa unyeti, ambapo paskali ileile huzalisha volti tofauti kwa sababu tu silikoni imepoa au imepata joto.

Kuna pia kisa cha kusinyaa. Mwili wa chuma cha pua ukipozwa kutoka halijoto ya chumba hadi kelvini 110 husinyaa karibu milimita 2.5 kwa kila mita, wakati silikoni husinyaa kama robo ya milimita tu. Kiwambo kilichobanwa katikati ya vitu viwili vinavyosinyaa kwa viwango tofauti hivyo hupindwa na kishikizo chake mwenyewe, nacho hakina namna ya kutofautisha mpindo huo na mpindo wa upepo. Gundi iliyochaguliwa vibaya huongeza balaa, kwa kuwa ikipata ufa mdogo mahali, sifuri huruka ghafla na hairudi tena ilipokuwa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kihisi kidogo cha silikoni chenye upeo wa kilopaskali 100 kinaweza kuuzwa kwa ahadi kwamba sifuri yake haitahama zaidi ya asilimia 1 ya upeo kwa kila badiliko la nyuzi 55 za selsiasi. Ahadi hiyo inasikika nzuri. Kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi -160 ni badiliko la nyuzi 180, kwa hiyo sifuri inaweza kuhama kwa kilopaskali 3.3 hivi. Sasa tuseme handaki linaendeshwa kwa Mach 0.85, yaani asilimia 85 ya kasi ya sauti, na shinikizo la jumla la kilopaskali 300: shinikizo tuli litakuwa karibu 187, na shinikizo la mwendo karibu 95. Gawanya 3.3 kwa 95, upate kosa la takriban 0.035 katika kigawo cha shinikizo, yaani tofauti ya shinikizo na lile tuli ikigawanywa kwa shinikizo la mwendo. Mhandisi wa mabawa anayetaka usahihi wa sehemu chache za elfu moja hawezi hata kuanza mazungumzo na namba hiyo.

Baridi: skana iliyopashwa au kihisi kwenye ngozi

Suluhisho la kwanza ni kutompeleka askari vitani. Skana za kielektroniki za shinikizo, zile zinazojulikana kwa kifupi cha ESP na jamaa zake wa ZOC kutoka Scanivalve, hukusanya vihisi vingi, mara nyingi 32 au 64, ndani ya kifurushi kimoja kinachotosha kushikwa kwa kiganja. Skana hiyo huwekwa kwenye sanduku lenye kihami joto na hita, nalo hufungwa ndani ya kiwiliwili cha modeli, ambamo halijoto hushikiliwa mahali pamoja huku nje kila kitu kikiganda. Kutoka kwenye tundu la bawani, lenye kipenyo cha nusu milimita au pungufu, mrija mwembamba wa chuma huleta shinikizo hadi kwenye skana.

Faida yake ya kwanza ni usahihi. Skana nzuri, ikirekebishwa sifuri mara kwa mara, hutoa kosa la karibu asilimia 0.05 ya upeo. Humo ndani mna vali inayosukumwa na hewa, ambayo huwezesha vihisi vyote kufanyiwa ugezi, yaani kulinganishwa na kipimo cha rejea kinachoaminika, bila kuifungua modeli wala kulipasha joto handaki. Kwa handaki ambalo kulirudisha kwenye halijoto ya watu ni gharama na ni kusubiri, jambo hili pekee linaweza kumaliza mjadala. Faida ya pili ni waya: vihisi 64 vya mmojammoja vyenye waya nne kila kimoja vinadai waya 256 kupita kwenye mkono unaoshikilia modeli, na skana moja hufanya kazi hiyo kwa waya chache.

Kuna uamuzi mdogo hapa ambao huleta faida kubwa kuliko kununua skana ya bei zaidi. Skana hizi nyingi hupima tofauti kati ya tundu na mlango wa rejea. Ukiunganisha mlango wa rejea na shinikizo tuli la handaki, skana ya upeo wa kilopaskali 100 yenye kosa la asilimia 0.05 itakosea paskali 50. Ukitaka skana yako ipime kuanzia ombwe, itakubidi uchukue upeo wa kilopaskali 500, na asilimia ileile itakuwa paskali 250. Bila shaka kipimo cha shinikizo la rejea lenyewe lazima kiwe bora kuliko vyote, na hapo ndipo vyombo vya kwatzi inayotetema, kama vya Paroscientific, hupata nafasi yao, vikiwa vimekaa nje ya handaki kwenye chumba chenye joto la kawaida.

Hasara za skana ni mbili, na zote hazionekani kwenye karatasi ya muuzaji. Joto la hita lina tabia ya kuvuja. Sanduku likikaa karibu na ngozi ya modeli, sehemu hiyo ya kiwiliwili huwa na joto kuliko jirani zake, na tabaka la gesi linalogusa ngozi hubadili mwenendo wake kwa sababu ya chombo kilicholetwa kulipima. Kihami hutaka nafasi, na kiwiliwili cha modeli hakina nafasi ya kugawa. Unyevu nao, ukiachwa ndani ya mirija kabla ya kupoza, hugeuka barafu na kuiziba, ndiyo maana mirija husafishwa kwa naitrojeni kavu kabla ya kila kampeni ya majaribio.

Hasara ya pili ni mrija wenyewe. Mrija wa mita 1 uliozibwa upande mmoja hutetema kama filimbi, kwa mzunguko unaolingana na kasi ya sauti kugawanywa kwa urefu mara nne. Katika naitrojeni ya kelvini 300 kasi ya sauti ni karibu mita 353 kwa sekunde, hivyo mtetemo wa asili ni hezi 88. Katika naitrojeni ya kelvini 110 sauti hupungua hadi mita 214 kwa sekunde, na mtetemo hushuka hadi hezi 53. Mrija wetu una upande wa baridi na upande wa joto, kwa hiyo ukweli uko katikati, na hubadilika kila halijoto ya handaki inapobadilika. Kwa shinikizo la wastani hili halina neno. Unasubiri kidogo, usomaji unatulia, unaandika. Kwa mtikisiko wa bawa ni habari nyingine. Mtikisiko wa hezi 10 kwenye ndege halisi, ukihamishiwa kwenye modeli iliyopunguzwa mara 40 katika gesi hii baridi, huwa kati ya hezi 250 na 300, na mrija hauwezi kuupitisha bila kuuharibu.

Hapo hakuna njia ila kihisi kiende chenyewe bawani. Kulite, kampuni ya New Jersey, hutengeneza vihisi vya silikoni vyenye kipenyo cha milimita mbili au chini ya hapo, vikiwamo vya aina ya baridi kali vinavyofanya kazi hadi karibu na halijoto ya naitrojeni majimaji, nyuzi -196. Vinapachikwa sambamba na ngozi, vinasikia maelfu ya hezi, na havihitaji sanduku wala hita. Lakini hesabu ya kilopaskali 3.3 hapo juu ilikuwa ya vihisi vya ukoo huu, na kuitengeneza kwa hesabu baada ya jaribio kunawezekana tu kama kila kihisi kimefanyiwa ugezi kwenye baridi yenyewe, kwa halijoto kadhaa, kikiwa tayari kimepachikwa au kwenye kishikizo kinachofanana, na kama halijoto yake hupimwa wakati wa jaribio. Kinachopimwa kwenye benchi la maabara kwa nyuzi 23 hakisemi lolote la maana kuhusu nyuzi -160.

Kwa maoni yangu ugomvi kati ya skana na kihisi cha ngozi hauna msingi, na modeli inayofaa huwa na vyote viwili: matundu mengi yanayoelekea kwenye skana kwa ajili ya wastani, na vihisi vichache vya ngozi mahali ambapo wimbi la mshtuko hucheza, kila kimoja kikiwa na tundu la skana pembeni yake. Tundu hilo la jirani huipa sehemu isiyobadilika ya kihisi cha ngozi thamani yake ya kweli, na kihisi hubaki na kazi anayoiweza, yaani kupima mtikisiko unaozunguka thamani hiyo. Kuhama kwa sifuri hakumsumbui tena mtu; kinachobaki ni badiliko la unyeti, ambalo ni dogo na linafuata utaratibu.

Joto la kupita na joto la kukaa

Upande wa joto kuna hali mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Katika mahandaki ya mshtuko kama HEG, au T4 ya Chuo Kikuu cha Queensland mjini Brisbane, muda wa kipimo ni milisekunde moja au chache. Ndani ya milisekunde moja, sauti katika gesi ya joto la chumba husafiri sentimita 35 hivi, kwa hiyo mrija wa mita moja ungeleta habari baada ya jaribio kwisha. Kihisi lazima kiwe karibu na ngozi, na kishindani cha silikoni hapa ni fuwele ya piezo.

Vihisi vya kwatzi, kama vya PCB Piezotronics au Kistler, huzalisha chaji vinapobanwa, navyo huitikia ndani ya mikrosekunde moja hivi. Ni vigumu kuvivunja, na kwatzi haizalishi chaji kwa sababu tu halijoto imebadilika, tofauti na tomalini au kauri nyingi za piezo ambazo hudanganya zinapopashwa joto. Kasoro yao ni kwamba husikia pia mtikisiko wa chuma. Vali au kiwambo cha handaki kinapopasuka, mshindo hupita kwenye bomba na kuifikia modeli, na kihisi kilichokazwa chuma kwa chuma kitauandika kana kwamba ni shinikizo. Hivyo hupendelewa vyenye fidia ya mtikisiko, au vilivyotengwa na modeli kwa ringi laini ya mpira. Silikoni hustahimili mtikisiko vizuri zaidi kwa kuwa kiwambo chake ni chepesi mno, lakini ina udhaifu ambao wageni huusahau: huhisi mwanga. Gesi ya maelfu ya kelvini hung'aa, na mng'ao huo ukiifikia silikoni iliyo wazi huzalisha umeme wake. Tabaka jembamba la mpira wa silikoni (silicone, kitu tofauti na silikoni ya kiwambo) usiopitisha mwanga, au kizuizi cha chuma chenye matundu madogo, huzuia mwanga huo pamoja na pigo la joto la mwanzo na chembe zinazoruka, kwa gharama ya kupunguza kidogo wepesi wa kuitikia. Kwa shinikizo dogo kwenye ubavu wa modeli ningechagua silikoni iliyofunikwa. Kwa shinikizo la pua, ambako mapigo ni makali, kwatzi.

Joto la kukaa ni jambo jingine. Handaki la Langley la 8-Foot High Temperature Tunnel huchoma methani ili kupata gesi ya moto, na modeli yake haiishi milisekunde bali makumi ya sekunde. Hapa silikoni ya kawaida huishiwa nguvu mapema, kwa sababu vikinza vyake vimetengwa na sehemu nyingine ya kiwambo kwa makutano ya umeme tu, nayo huanza kuvuja halijoto ikikaribia nyuzi 150. Vihisi ambavyo vikinza vyake vimekaa juu ya tabaka la oksidi ya silikoni huondoa tatizo hilo na kufika karibu nyuzi 500. Zaidi ya hapo silikoni yenyewe hulegea na kiwambo kikipindwa hakirudi sawasawa. Kabidi ya silikoni huenda mbali zaidi: katika kituo cha NASA Glenn, vihisi vyake vilionyeshwa vikifanya kazi kwa nyuzi 800. Vihisi vya mwanga vyenye kiwambo cha yakuti samawati, vinavyosomwa kwa nyuzi za kioo bila waya wowote wa umeme, vina uwezekano wa kupita hapo kwa kuwa yakuti huyeyuka kwenye nyuzi 2,000 na ushei, ingawa kishikizo na gundi hushindwa zamani kabla ya yakuti.

Fuwele za piezo nazo zina mipaka. Kwatzi hubadili muundo wake kwenye nyuzi 573, na muda mrefu kabla ya hapo kihami cha umeme huanza kudhoofika. Kihisi chenye mfumo wa pikofaradi 1,000 na ukinzani wa ohm trilioni moja hushikilia chaji yake kwa sekunde 1,000; joto likishusha ukinzani huo hadi megaohm 10, muda huo huwa sekunde 0.01, na shinikizo lolote linalokaa kwa zaidi ya hapo huyeyuka kwenye usomaji. Ndiyo sababu piezo ya moto hupewa mtikisiko tu. Vilevile vihisi vya piezo vyenye kikuza umeme ndani yake havistahili kupelekwa juu ya nyuzi 120 au 135. Kwa joto kubwa huagizwa vile vinavyotoa chaji tupu.

Lakini kabla ya kulipia kabidi ya silikoni au yakuti, rudi kwenye mrija. Kama unachotaka ni wastani, sentimita 30 za mrija wa chuma hutosha kupoza gesi iliyosimama ndani yake, na skana ya kawaida iliyokaa mahali pa ubaridi itakupa usahihi ambao hakuna kihisi cha nyuzi 800 kinachoukaribia. Vihisi vya joto kali hustahili gharama yake pale tu mtikisiko wa haraka na joto la kukaa vinapokutana mahali pamoja, kama ndani ya njia ya hewa ya injini ya kasi kubwa, na hata hapo koti la maji ya kupoza hushindana navyo ikiwa nafasi ipo.

Rangi inayoona shinikizo

Ipo pia rangi inayong'aa inapoangaziwa, ambayo mng'ao wake hupungua kadiri oksijeni inayoizunguka inavyoongezeka, na kwa hivyo kamera husoma shinikizo juu ya bawa zima badala ya matundu mia. Kwenye handaki la naitrojeni baridi kuna vikwazo viwili: hakuna oksijeni, na plastiki ya kawaida inayoibeba rangi haipitishi oksijeni kwenye baridi hiyo. Vilitatuliwa kwa kuchanganya oksijeni kidogo sana kwenye gesi na kutumia tabaka lenye vinyweleo, kama alumini iliyooksidishwa kwa umeme. Picha zake ni nzuri, lakini rangi hiyo huhisi halijoto pia, na bado huhitaji matundu machache ya skana ili kuinyoosha. Ni nyongeza ya skana, si mbadala wake.

Wakati wa kuagiza, soma kwa makini mistari miwili inayofanana kwenye karatasi ya kihisi. Mmoja hutaja halijoto ambayo kihisi kinaweza kufanya kazi bila kuharibika. Mwingine hutaja halijoto ambayo makosa yake yamefidiwa. Kihisi kilichoandikwa kuwa hufanya kazi kuanzia nyuzi -196 kinaweza kuwa kimefidiwa kuanzia nyuzi 27 hadi 80 tu, na muuzaji hajadanganya popote. Muulize kabla ya kulipa kama anaweza kukifidia kwa masafa ya halijoto ya handaki lako, na akupe matokeo ya ugezi wa kihisi kilekile, kwa namba yake ya utambulisho, kwenye angalau halijoto tatu za masafa hayo. Akikupa grafu ya kawaida ya aina nzima ya bidhaa, weka kwenye bajeti yako gharama ya kufanya ugezi huo mwenyewe, kisha ndipo ulinganishe bei.